Sifa Ni ya Kupaka Chombo

Alfajiri ya tarehe 11 Januari 2017 nilikuwa nimekaa ufuoni Matondoni, kisiwani Lamu, juu ya gogo, ubavuni mwa jahazi alilokuwa akilijenga baba. Pale ndipo simu yangu iliposhika mtandao bila kukatika. Mkuku ulikuwa umeshalazwa na mataruma yamesimama; mbao za ubavu bado. Kwetu ilikuwa saa kumi na moja. Chicago ilikuwa bado usiku wa jana yake, saa mbili. Barack Obama alikuwa anapanda jukwaani kuwaaga Wamarekani, na muadhini wetu alikuwa anafungua kipaza sauti. Sauti mbili zikanijia kwa pamoja. Nikaizima ya Chicago, nikaitikia adhana, nikaswali palepale mchangani, kisha nikarudi kwenye simu.

Nilikuwa nimeagizwa. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa ameniambia tangu magharibi: "Yule mtoto wa Kogelo akiaga, msikilize vizuri, uje unambie alivyoaga." Bibi hakupata kusoma shule ya serikali, lakini habari za dunia hazikumpita. Alimpenda Obama kama ndugu wa mbali. Baba yake Obama alikuwa mtu wa nchi hii, Kenya, wa kijiji hicho cha Kogelo, na jina la Hussein katikati ya majina yake lilimtosha Bibi kumhesabu ni wa nyumbani.

Jua lilipochomoza nilimkuta barazani na tasbihi mkononi. Nikamsimulia yote. Nikamwambia kwamba hakuagia ikulu, alirudi Chicago, mji aliouingia akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akafanya kazi na vikundi vya makanisa kwenye mitaa ambayo viwanda vyake vya chuma vilikuwa vimefungwa. Nikamwambia watu walipaza sauti wakimtaka akae miaka minne mingine, naye akawajibu kwamba hilo haliwezekani. Alipogusia kumkabidhi madaraka rais mpya baada ya siku kumi, ukumbi ulizomea, akawatuliza, akasema kukabidhiana kwa amani ndiyo alama ya demokrasia yao. Nikamwambia alivyofuta machozi alipomgeukia mkewe, na alivyomalizia kwa kuwaomba waamini uwezo wao wenyewe wa kuleta mabadiliko, si uwezo wake yeye.

Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza neno moja.

"Aliwataka radhi?"

Nikafikiri. Nikarudisha akilini hotuba nzima. "Hapana, Bibi. Aliwashukuru sana."

"Basi hajaaga bado. Kashukuru."

Nina hakika Bibi hakukusudia kumdharau Obama. Siku ile nzima aliwasimulia jirani zake kwamba mtoto kasema maneno mazuri. Lakini jibu lake lilinikaa kifuani, na miaka yote tangu siku ile nimekuwa nikisoma hotuba za viongozi wanaoondoka nikiwa na swali lake mkononi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na nje ya darasa ninafasiri maandishi ya watu, kwa hiyo maneno ya kuagana hupita sana mikononi mwangu.

Asiyekulia visiwani huenda asione uzito wa swali lile. Kwetu anayekwenda Hija hafungi mizigo kwanza. Huanza kupita nyumba kwa nyumba. Anayemdai humlipa, asiyeweza kumlipa humwomba muda mbele ya shahidi, na kila mlango atakaogonga neno lake ni lilelile: niwie radhi. Mwenye nyumba naye humjibu kwamba amemuwia, na yeye amuwie. Ndipo aulize tiketi. Mabaharia wa zamani walifanya vivyo hivyo kabla ya kutweka tanga kwenda Bara Hindi au Uarabuni na msimu wa kusi, maana bahari haikumuahidi mtu kurudi. Kwetu kuaga ni hesabu, na shukurani huja baada ya hesabu, kama kahawa baada ya tende.

Kwa hiyo nikaanza na hotuba ambayo Obama mwenyewe aliinukuu usiku ule, ile ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani. Watu huiita hotuba, lakini Washington hakuitamka mbele ya mtu. Ilichapwa gazetini huko Philadelphia tarehe 19 Septemba 1796, miezi kadhaa kabla ya muda wake kwisha Machi ya mwaka uliofuata. Nayo haikuandikwa kwa siku mbili. Mwaka 1792, alipotaka kuondoka baada ya muhula mmoja, alimwomba James Madison amtengenezee rasimu. Akashawishika kubaki. Miaka minne baadaye akaitoa rasimu ile ya zamani, akaiongezea yake, akampelekea Alexander Hamilton aisuke upya, kisha akakaa nayo mwenyewe, akakata na kuandika kwa mkono wake mpaka ikawa sauti yake. Kila mwaka, wakati wa siku yake ya kuzaliwa mwezi wa Februari, seneta mmoja huisoma yote kwa sauti katika Baraza la Seneti.

Mwishoni kabisa nilikuta nilichokuwa nakitafuta. Washington anasema kwamba hajui kosa alilolitenda kwa makusudi, lakini anaujua upungufu wake na haoni ajabu kwamba amekosea mara nyingi. Anamwomba Mungu ayaepushe madhara ya makosa hayo, na anatumai nchi yake itayatazama kwa huruma. Nilipoyasoma nilitaka kukimbia nikamwonyeshe Bibi. Kisha nikasita. Mtu yule, siku anayaandika hayo, alikuwa anamiliki watu. Walimlimia, walimpikia, walimvisha. Katika waraka wote hakuna neno hata moja juu yao. Mimi mtu wa Lamu siwezi kulipita hilo haraka, kwa kuwa nasi tuna kimya chetu kuhusu watumwa waliolima mashamba ya bara yetu, na majina yao hatuyataji tunapohesabu nasaba. Radhi inaweza kuwa na maneno mazuri na bado ikampita mtu mwenye haki.

Tuje kwa Eisenhower, rais mwingine wa Marekani. Huyu alinifundisha kuhusu muda. Wengi wanakumbuka kwamba tarehe 17 Januari 1961, siku tatu kabla ya kuondoka, alikaa mbele ya kamera akawaonya Wamarekani wajihadhari na nguvu za jeshi na viwanda vya silaha zikishikana. Onyo hilo halikuzuka mwishoni. Alianza kulizungumza na mwandishi wake, profesa Malcolm Moos, tangu 1959, karibu miaka miwili kabla. Nahodha wa jeshi la majini, Ralph Williams, alikuwa mezani pia. Milton, nduguye rais, akaichambua. Rasimu zikafuatana moja baada ya nyingine. Mwaka 2010 makaratasi mengi ya kazi hiyo yalipatikana kwenye nyumba ya mapumziko ya familia ya Moos kule Minnesota, na ndiyo yaliyowaonyesha watu jinsi mzee yule alivyoichonga hotuba fupi kwa muda mrefu.

Katika hotuba hiyo kuna sentensi isiyotajwa sana ambayo mimi naiona ndiyo moyo wake: kwamba hatuwezi kuweka rehani mali za wajukuu wetu bila kuhatarisha kupoteza na urithi wao wa kisiasa na wa kiroho. Nilipoifasiri sentensi ile neno rehani lilikuja lenyewe. Hapa kila familia inajua habari ya shamba la minazi lililowekwa rehani na babu, likawa haliwezi kukombolewa tena. Eisenhower alikuwa jenerali. Aliyajua majeshi kwa ndani, na alingoja mpaka mlangoni kusema alichokiona. Ningependa angekisema mapema zaidi, akiwa bado na uwezo wa kukifanyia kitu. Lakini alikisema, tena dhidi ya watu wake.

Halafu mahali. Obama alikwenda Chicago. Mwalimu Nyerere, alipong'atuka Novemba 1985, neno alilolitoa kwao Uzanaki na sasa ni la Kiswahili chote, alikwenda kuwaaga wazee wa Dar es Salaam pale ukumbi wa Diamond Jubilee. Alikuwa ameshaagana na Bunge. Angeweza kuishia hapo. Lakini wazee wale ndio waliompokea alipokuwa mwalimu mgeni mjini, wakamfungulia milango, wakamwombea dua siku za mwanzo za chama chake cha TANU, naye akasimama mbele yao kuwakumbusha hayo kama mtu anayerudisha alichoazimwa. Naipenda sana picha ile. Mtu huaga kule alikopokelewa, na aliyekupokea ndiye anayejua ulikuja na nini, kwa hiyo ndiye anayeweza kukuuliza unaondoka na nini.

Sisi Wakenya kuaga kwa rais tulikuona kwa mara ya kwanza tarehe 30 Desemba 2002, Uhuru Park. Mwai Kibaki aliapa akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na Daniel arap Moi, baada ya miaka 24, alisoma maneno yake huku umati unamzomea na matope yanarushwa. Nilikuwa msichana mdogo, nikiangalia kwenye televisheni ya jirani, na watu wazima chumbani walikuwa wanacheka. Bibi hakucheka. Leo nafikiri kosa mojawapo la siku ile lilikuwa la mpangilio tu: alipewa nafasi ya kuaga ndani ya harusi ya mwenzake. Siku ya kiapo watu wamekuja kumpokea mtu. Hawana masikio ya anayetoka, hata angekuja na maneno ya dhahabu. Washington aliaga nusu mwaka kabla, Obama siku kumi kabla, Eisenhower siku tatu. Hakuna kati yao aliyejaribu kuaga uwanjani mwa mwingine.

Mwaka 2018 haya yote yaliingia nyumbani kwetu.

Baba alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi cha kijiji kwa miaka 17. Si rais, najua. Lakini aliamua kuachia ngazi, akaniita na kuniambia, "Mwanangu, wewe ndiwe mwenye kalamu. Nitengenezee maneno ya kuwaaga wenzangu." Nilifurahi mno. Niliandika usiku kucha. Nilianza hivi: Kwa miaka 17 nimewatumikia kwa uaminifu na uadilifu mkubwa.

Asubuhi nilimsomea akiwa anakalafati. Jahazi lile la mwaka uliopita lilikuwa limeshashushwa majini, na sasa alikuwa na mashua mpya. Anasokota pamba, anaisukumiza katikati ya mbao kwa patasi na nyundo, ubao baada ya ubao. Kando yake kulikuwa na kopo la sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake haitoki nguoni. Nilipofika kwenye uaminifu na uadilifu aliiweka nyundo chini.

"Hayo ni yao kusema. Wewe nani kakwambia?"

"Baba, ni kweli lakini."

Akaniashiria kopo. "Sifa ni ya kupaka chombo, mwanangu, maji yasipite. Mimi niache mkavu, maneno yao yanifike."

Kisha akaniagiza daftari lake la jalada jeusi lililokuwa juu ya kabati, akanitajia mambo matatu niyaandike. La kwanza, mashine ya boti ya kikundi aliyoinunua mwaka 2009. Wavuvi walimwambia wanataka aina nyingine, yeye akashikilia yake, nayo ikafa kabla msimu wa kaskazi haujaisha, na pesa ya watu ikaenda. La pili, fungu la mjane mmoja ambalo lilichelewa miezi minane kwa sababu baba aling'ang'ania karatasi ambayo mama yule hakuwa na njia ya kuipata. La tatu lilimchukua muda kulisema. Vijana wawili aliowafukuza kikundini mbele ya watu kwa kuvua na juya, ule wavu wa kukokota, bila kuwasikiliza. Mmoja ikaja kujulikana baadaye kwamba siku ile hakuwa baharini kabisa.

Nikajaribu kumsaidia. Nikamwandikia: kama kuna yeyote niliyemkosea, naomba aniwie radhi. Niliona ni sentensi safi na ya heshima.

"Kama?" akauliza baba. "Najua au sijui? Ikiwa najua, nitaje. Radhi ya jumla ni wavu wa macho makubwa, samaki wote wanapita."

Nimeisoma tena hotuba ya Washington baada ya siku ile, na nimeona kwamba radhi yake ilikuwa ya macho makubwa. Na nimekumbuka tarehe 26 Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliposimama Bungeni akaomba radhi kwa niaba ya serikali yake na zote zilizotangulia kwa dhuluma za miaka iliyopita, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 wa kuwafidia walioumizwa. Ile haikuwa hotuba ya kuaga. Alikuwa na miaka saba mbele yake. Lakini ilikuwa na kitu ambacho hotuba za kuaga hazina: kiasi. Ukisema kiasi, watu wana la kukuuliza kesho.

Ndiyo maana nasema, kama ningekuwa nimekaa kwenye meza ya wale wanaompangia rais anayeondoka maneno yake, nisingeanza na sentensi ya ufunguzi. Ningeomba daftari. Ningetaka kujua ni ahadi gani alizitoa, wapi, mbele ya nani, na iko wapi leo kila moja. Tukianzia kwetu: tarehe 2 Machi 2012 Rais Kibaki alikuja Lamu kuzindua bandari mpya, akiwa na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia. Alibakiwa na mwaka mmoja na wiki chache madarakani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi huo. Tarehe 20 Mei 2021 Rais Uhuru Kenyatta akaja kufungua gati la kwanza, naye alibakiwa na mwaka mmoja na miezi michache. Marais wawili, kila mmoja akielekea mlangoni, walisimama kwenye ufuo uleule ambao baba zetu walitega madema. Nawaza jinsi ambavyo ingekuwa kama mmoja wao, siku ya kuaga, angeutaja ufuo ule kwa jina lake na kusema: watu wa pale tumewaachia hiki, na bado tunawadai subira kwa hiki. Sentensi mbili tu. Mvuvi wa mkondo wetu wa Mkanda angejua kwamba rais aliyeondoka alimwona.

Waandishi wa hotuba wana kawaida ya kuogopa jambo hilo. Wanasema kiongozi anayeondoka ana nafasi moja ya mwisho ya kuandika jina lake, na kwamba ukitaja kosa ndilo litakalobaki kichwa cha habari. Nawaelewa, usiku ule na mimi nilimwandikia baba uaminifu na uadilifu kwa hofu hiyohiyo. Nilitaka aondoke akiwa mkubwa. Sikujua kwamba nilikuwa namfungia mlango, kwa sababu mtu uliyemsifu mbele yangu kupita kiasi sina tena la kumwambia.

Siku yenyewe watu walikusanyika chini ya mkwaju baada ya swala ya alasiri. Baba alisimama na daftari, si na karatasi yangu. Alisoma mambo matatu kama yalivyo, bila kuyapamba na bila kujipiga kifua. Alipomaliza la mashine, mvuvi mmoja mzee alisema kwa sauti, "Tulikwambia," na baba akajibu, "Mliniambia," na wakaendelea. Kwa mjane alikwenda mwenyewe mpaka upande wa wanawake. Waliyosemezana sikuyasikia. Wa vijana wawili, mmoja alikuwa pale, akainuka akampa mkono, ingawa uso wake haukufunguka sana, na sidhani ulipaswa kufunguka.

Yule wa pili, ambaye hakuwa baharini siku ile, alikuwa ameshahamia Malindi miaka mingi. Baba akaniomba nimpigie simu palepale, mbele ya watu. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Ikaita mpaka ikakatika.

"Basi," baba akasema, "sijamaliza kuaga."

Akawaambia watu waende zao, kahawa ikaletwa, mambo ya mwenyekiti mpya yakazungumzwa siku nyingine. Kesho yake tukapiga, hakupokea. Siku ya tatu, karibu na magharibi, nikasikia sauti upande wa pili inasema haloo. Sikuwahi hata kujitambulisha. Baba aliichukua simu mkononi mwangu, akateremka nayo mpaka ufuoni pale penye mtandao, akakaa juu ya lile gogo, mgongo ameupa kijiji.

Sikumfuata.